Jogoo wa Mgeni

Fundi wa mashine za kukoboa kahawa, Mbudha kutoka Sri Lanka, alikaribishwa chakula pamoja nami kwa jirani yangu hapa Vwawa. Mama mwenye nyumba akamkabidhi jogoo aliyefungwa miguu.

"Huyu ni wako, baba. Tunakuchinjia."

"Kwa dini yetu, mama, sili kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu."

Mama akanuna. Nani hukataa jogoo wa ugeni?

"Lakini ni wangu kweli?" fundi akauliza.

"Ni wako."

Akainama, akamfungua kamba. Mimi niliyekwisha kunawa mikono nikala maharage.

Fundi alisharudi kwao. Juzi alikuja mchungaji, jogoo anawika uani, naye akaandaliwa maharage.

"Yule si wetu," mama alimweleza. "Ana mwenyewe."