Nyirinyiri ya Maka

Kabla ya vita, mtu akikaribishwa kwa Maka hakatai, hata kama ametoka kula kwake sasa hivi. Mama yule alikuwa na mkono mtamu, na mkono mtamu haufundishwi. Unao au huna. Anjera yake, chapati ya maji ya kwetu, ilikuwa laini, chai yake ina tangawizi ya kukukohoza, lakini kilichompa jina Garissa ni nyirinyiri. Nyama ya ngamia aliianika mpaka ikakauka kabisa, akaikatakata vipande vidogo vidogo, akaikaanga kwa samli. Hayo kila mwanamke anayafanya. Ila Maka alichoma iliki na maganda yake mpaka ziungue kidogo, akazitia mwishoni. Kazi ya kuziponda ilikuwa ya binti yake, Amino. Harufu ile ilimganda mtoto mpaka kwenye nywele, naye aliipenda kuliko kitu chochote duniani.

Basi vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa porini, vikapamba moto, na amri ikatoka kwamba watu wahamie kwenye vijiji vilivyozungushiwa miba na kulindwa na askari. Maka alikuwa mjane tayari. Akaingia humo na Amino wake wa miaka tisa, na ngamia wachache waliobaki. Sasa ngamia ni mnyama wa kutembea. Mfungie mahali hakuna jani, uone kama atamaliza msimu. Walianguka mmoja mmoja, na watu wakawawahi kwa kisu ili nyama isiwe haramu. Ikaliwa siku chache, kisha njaa ikaingia, nayo haikubisha hodi.

Humo kijijini nyirinyiri ilipigwa marufuku kimyakimya. Hakuna aliyeitangaza amri hiyo, lakini kila mtu aliijua. Nyirinyiri ni chakula cha safari, haiozi wala haihitaji moto, na askari walikuwa wanajua ni nani aliyekuwa safarini wakati ule. Mwanamke akionekana anakaanga nyama, anaulizwa anampikia nani. Na wanaoulizwa, wengine walirudi na wengine hawakurudi.

Amino alichokiona ni kwamba mama yake ameharibika mkono. Ugali wa mahindi ya msaada ulikuja umeungua, mweusi chini na mbichi juu. Maharagwe yana chumvi ya kumtapisha punda. Moshi wa kuungua ulijaa kibandani mpaka majirani wakakohoa. Mtoto alilalamika, akanuna, akauliza mkono wa Hoyo umekwenda wapi, maana Hoyo ndivyo alivyomwita mama yake. Maka alimjibu kwamba mkono nao huchoka. Halafu akamtuma kwa jirani yao Raho, akamchezeshe Bishara, mtoto wa Raho wa miaka mitano.

Mimi nakwambia sasa kile ambacho Amino hakukijua. Maka alikuwa na kaka porini, Dubow, tumbo moja, ziwa moja. Ungemwachaje? Alikuwa akimkaangia mchana nyama aliyoificha ya ngamia wao walioanguka, na ugali alikuwa akiuunguza makusudi ili moshi wake uifunike harufu ya samli. Chakula cha nyumbani alikiharibu ili mwanawe asahau utamu wa mkono wake, asije siku moja akausema. Nyirinyiri hiyo ilitoka kijijini ndani ya kopo, limefichwa chini ya mizigo ya kuni. Alimpenda kaka yake, akampenda na binti yake, akadhani akili itatosha kwa wote wawili. Masikini Maka.

Asubuhi moja askari walirudi kutoka porini na kopo lililojaa nyirinyiri. Afande wao alikuwa mtu wa mbali, hakijui chakula kile. Lakini mkalimani alikuwa mtu wa huku huku, Mungu amsamehe, mimi bado. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba kila mwanamke ana mkono wake katika nyirinyiri, na mtoto anaujua wa mama yake hata gizani. Wanawake wakasimamishwa upande mmoja, watoto wakapangwa mstari upande wa pili. Afande akasema, na mkalimani akatafsiri:

“Kila mtoto ataonja. Atakayetambua chakula cha mama yake, kopo lote ni lake.”

Watoto wenye njaa, jamani. Walionja mmoja mmoja, wakatikisa vichwa huku macho yamebaki koponi. Zamu ya Amino ikafika, akawekewa kipande ulimini.

Iliki ya kuungua. Ulimi ulijua kabla yeye mwenyewe hajajua. Palepale akaelewa yote kwa pamoja, moshi, ugali mweusi, kutumwa kwa Raho. Alitaka kukitema, akaona kutema nako ni kusema. Akakitafuna na kukimeza, akajilazimisha asimtazame mama yake.

“Mama yangu hajui kupika hivi,” akasema.

Mkalimani akamkazia macho. Kutoka upande wa wanawake Raho akaangua kicheko, akasema Maka siku hizi anaunguza hata maji, na kijiji kizima ni shahidi, kinakohoa kila siku. Wengine wakacheka naye. Maka akainamisha kichwa kama mtu aliyeaibishwa. Amino akapitishwa.

Nyuma yake alikuwa Bishara. Alikula kipande chake, akalamba vidole kimoja kimoja, akalichungulia kopo.

“Ya mama,” akasema. “Nipeni yote.”

Raho hakuelewa mara moja kwamba anayesemwa ni yeye. Alipoelewa alisema mtoto ana njaa tu, yeye nyama hajaishika tangu ngamia wao wa mwisho afe, waulizeni watu. Hakuna aliyeulizwa. Afande alisema mtoto wa umri ule hajui kudanganya. Ee, huyo hakuwahi kulala njaa! Na ahadi yake aliitimiza, ndilo linaloniuma zaidi. Bishara alikaa chini mavumbini na kopo mapajani, akawa anakula kwa mikono miwili wakati mama yake anapandishwa lori.

Maka alipiga hatua mbele na mdomo umeshafunguka. Amino akakimbia, akaushika ushungi wake, akaning'inia.

“Hoyo, usiseme. Nitabaki na nani?”

Maka akasimama. Lori likaondoka. Raho hakurudi, wala hakuna aliyeonyeshwa kaburi lake.

Jioni ile Maka alimchukua Bishara akawa mwanawe. Vita vikaisha, miba ikaondolewa, wakarudi mjini wakiwa watatu. Samli ikapatikana tena sokoni, na nyama pia, lakini Maka aliendelea kuunguza ugali mpaka anaingia kaburini. Watu walisema vita vimeua mkono wake. Bishara ndiye aliyemlilia kuliko wote.

Amino alirithi mkono ule, akawa mpishi wa harusi, lakini nyirinyiri aliwaachia wengine waikaange. Bishara alikuwa naye bega kwa bega, dada yake kwa kila kitu. Ila alikuwa na jambo lake moja. Kila harusi aliomba nyirinyiri, akaonja kidogo, akaiweka chini. Amino alimuuliza mara moja tu anatafuta nini.

“Mkono wa mama,” Bishara alimwambia. “Nikiupata, nitajua siku ile nilisema kweli. Maana nilikuwa na njaa, abaayo, dada yangu, na sikumbuki kama niliutambua au nililitaka kopo tu.”

Amino hakulala vizuri tena baada ya hapo. Kila mwaka alikusudia kumwambia, na kila mwaka aliona ukweli huo utamuua Raho mara ya pili, na Bishara pamoja naye.

Kisha Bishara akamwoza binti yake, Nurto, akamwomba Amino kwa mkono wake mwenyewe akaange nyirinyiri ya harusi. Angekataaje? Alisimama jikoni na iliki kiganjani muda mrefu. Mwisho akazimenya, akatupa maganda, akazitia bila kuzigusisha moto.

Bishara alionja mbele yake, akatafuna taratibu, akatikisa kichwa.

“Tamu sana,” akasema, “lakini siyo ya mama.”

Amino akamjibu kwamba nyumba bado ni nyingi, aendelee kutafuta.