Mjerumani na Madirisha Yangu

Binti yangu alipokuja likizo kutoka Ujerumani, alikuja na mchumba wake Mjerumani. Miaka yote ya masomo yake nilijiambia kwamba akimaliza atarudi Johannesburg, tukae wote. Nilipomwona yule kijana anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nilijua amekuja kuninyang'anya mtoto. Mzungu mwenye adabu kiasi hicho ana lake jambo.

Asubuhi ya kwanza niliamka natetemeka. Ilikuwa Julai, katikati ya kipupwe, na Julai ya mtaa wetu wa La Rochelle haina huruma. Nikamkuta sebuleni, amefungua madirisha yote, kasimama na kikombe chake cha kahawa. "Shikamoo, mama," akasema, kana kwamba hajafanya kitu. Baadaye akayafunga mwenyewe, moja moja. Kesho yake akarudia.

Nikamweleza jirani yangu, msusi kutoka Bukavu, ambaye hamnyimi mtu maoni yake.

"Ma sœur, dada yangu, ule muzungu anakuzarau," alisema. "Harufu ya chakula yako inamushinda."

Maneno yale yaliniingia, nikaanza kumchunguza. Nilikaanga dagaa, asubuhi akafungua. Nikafukiza udi wa madukani Fordsburg, ule mzuri wa wageni, akafungua. Siku nyingine sikupika kabisa, tukanywa chai na mkate tu. Akafungua vilevile. Basi nikaona si chakula, ni sisi wenyewe. Mtu anayeona kinyaa nyumbani kwangu atamtunza vipi mwanangu huko mbali, nisikomwona?

Jumamosi asubuhi alitoka mapema kwenda kununua mkate, nami nikamkabili binti yangu. Maneno nilikuwa nimeyapanga: kwanza dharau ya mchumba wake, kisha nimuulize waziwazi kama anarudi au harudi.

"Huyu mwenzako ananusa nini humu ndani?"

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Eish, mama! Hanusi kitu. Wajerumani wako hivyo. Hata theluji ikianguka, asubuhi wanafungua madirisha, hewa mpya iingie, halafu wanafunga. Ukipanga nyumba, mwenye nyumba anakwambia kabisa: usipofungua, ukuta utaota ukungu."

"Na baridi je?"

"Wanavaa sweta."

Sikumwamini sana. Msichana aliyependa anaweza kumtetea mtu hata kwa lisilo na kichwa wala miguu. Lakini nilipata nafuu kidogo, nikainuka kuwasha hita. Binti yangu akanipita, akafungua dirisha la karibu na kochi. Upepo ukapenya kwenye nondo na kunipiga usoni.

"Na wewe tena?"

"Vumilia kidogo, mama. Kwetu hatukai na hewa ya jana."

Kwetu. Alilisema bila kufikiri, huku akikung'uta mto wa kochi. Miaka yote hiyo, akisema kwetu kwenye simu, alikuwa na maana ya chumba hiki. Lile swali nililolipanga sikuliuliza tena. Nilichukua mto wa pili nikamsaidia kukung'uta, moyo unaniuma, mpaka mchumba wake akarudi na mkate.