Jua la Alasiri Kutoka Mashariki

Mtaani walimwita Mama Kamba, wala haikuwa kwa ubaya. Ukiingia uani kwake asubuhi ilikubidi uiname mara kumi na moja kabla hujaufikia mlango, maana kamba zilikuwa kumi na moja, zimevutwa ukuta hadi ukuta. Mashuka yalikaa nyuma, taulo katikati, na kamba nne za mbele, zile zinazopigwa na jua kwanza, zilikuwa za sare nyeupe za wauguzi wa hospitali ya ng'ambo ya barabara. Kazi ya udobi aliianza akiwa na mimba ya binti yake wa pekee. Sasa binti huyo alikuwa mtu mzima, yuko ndani anapiga pasi, na mama mtu alikuwa bado nje anafua.

"Sabuni inatoa uchafu tu," alizoea kumwambia binti yake. "Weupe unatoka juu."

Na hapo juu palikuwa na hesabu yake. Ua ulikuwa mwembamba, na upande wa magharibi ulizibwa na ghala la zamani lenye ukuta mrefu, hivyo jua la jioni halikuwahi kufika. Riziki yote ya ua ule ilikuwa jua la asubuhi, lililoingia kutoka mashariki juu ya kiwanja kitupu cha kuegesha magari. Saa mbili na robo liligusa kamba ya kwanza, saa tatu na nusu lilikuwa limezishika zote, na saa saba lilikuwa limeshapanda ghala na kwenda zake. Mama Kamba alijua mwezi gani linachelewa na mwezi gani linawahi, na kwa dakika ngapi. Shule aliishia darasa la sita, lakini jua alilisoma hadi mwisho.

Ndipo siku moja kile kiwanja kikazungushiwa mabati, na juu ya mabati ikabandikwa picha. Jengo la ghorofa ishirini na mbili, vioo vitupu kutoka chini hadi juu, limesimama kama maji yaliyoambiwa yasimame.

Watu wa mtaa walikusanyika kuitazama picha ile. Kinyozi, aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe na ambaye hadi leo alimwita shemeji, alikuwa wa kwanza kufurahi.

"Ghorofa ishirini na mbili, shemeji! Unajua ni vichwa vingapi hivyo? Na vyote vina nywele."

"Wewe unafikiria vichwa," alisema mzee wa viatu, aliyekuwa na kibanda chake jirani na ua. "Mimi nafikiria miguu. Mtu wa kupanda lifti anachakaza soli saa ngapi? Kiatu chake atakufa nacho kikiwa kipya."

"Basi hamia vichwani, mzee."

"Nikunyoe wewe kwanza, tuone kama utapona."

Watu walicheka. Mama Kamba hakucheka. Alikuwa amegeuka, anatazama nyuma kuelekea uani kwake, akipima kwa macho. Moyo wake ulikuwa wa kuogopa jambo kabla halijafika; ndivyo alivyomlea mtoto peke yake, kwa kuogopa mapema. Picha ile ilikuwa imesimama mahali palepale jua lilipokuwa likitokea.

Baada ya wiki chache wakazi waliitwa ukumbini kutoa maoni. Mezani palikuwa na mfano wa jengo, umetengenezwa kwa karatasi ngumu nyeupe, mrefu kama mtoto wa miaka miwili. Miti midogo, magari madogo, hata watu wadogo wasio na nyuso walikuwa wanatembea kwenye barabara ndogo. Watu wazima waliuzunguka wakainama, mikono nyuma, kama watoto walioambiwa wasiguse. Palipokuwa na ua wa Mama Kamba palipakwa rangi ya majani.

Wengi walisimama wakasema ni jambo jema, maendeleo yasirudishwe. Mmoja akauliza vyoo vya umma vitakuwa wapi. Mzee wa viatu akauliza kama kutakuwa na ngazi za kutosha, kinyozi akazomea. Kisha Mama Kamba akanyoosha mkono.

"Naomba taa zizimwe."

Afisa wa mipango ya mji alimtazama. "Mama, hapa ni maoni tu."

"Ndiyo maoni yangu, bosi. Taa zizimwe na mapazia yashushwe."

Mtu mmoja akazima. Mama Kamba akamwambia binti yake awashe tochi ya simu. "Isimamishe hapa. Pandisha kidogo. Hapo, ndiyo saa tatu asubuhi, mwezi huu." Kivuli cha jengo kikalala mezani, kikaivuka barabara ndogo na kukifunika kile kipande cha kijani chote. "Sasa pandisha polepole. Saa nne. Saa tano." Kivuli kikajikokota kama mgonjwa, lakini hakikutoka juu ya ua mpaka binti alipoinua simu karibu juu ya utosi wa jengo. "Saa sita na nusu," alisema Mama Kamba. "Saa saba ghala linanifungia. Nimebaki na nusu saa. Mimi nakausha sare za hospitali. Hayo ndiyo maoni yangu."

Mwanamke kijana aliyekaa pembeni ya afisa, ambaye ndiye aliyelichora jengo lile, alisimama akaja mpaka mezani, akachukua simu mkononi mwa binti na kurudia mwendo uleule mwenyewe, taratibu, mara mbili.

"Nani alikufundisha hii, mama?"

"Nguo mbichi, mwanangu."

Jengo halikuzuiwa, lakini Mama Kamba alipata barua. Kwa kuwa kivuli kitamharibia kazi, angepewa eneo jipya nje ya mji, wazi, lenye jua kutwa. Ilitakiwa ajaze fomu na kuirudisha kufikia Ijumaa iliyotajwa humo, jengo likikaribia kumalizika. Akichelewa, eneo angepewa mwingine. Tatizo lilikuwa moja: wauguzi walimwambia wazi kwamba hawatapanda gari mwendo wa saa nzima kufuata sare. Kule kulikuwa na jua bila wateja, na hapa kulikuwa na wateja bila jua.

Jengo likaanza kupanda. Mama Kamba alitaka kulichukia, akashindwa. Kila asubuhi alisimama na beseni kiunoni, kichwa nyuma, mdomo wazi. Watu walitembea juu ya vyuma mahali ambapo jana palikuwa hewa. Winchi iliinua nguzo nzito kuliko nyumba yake ikaizungusha angani kwa upole, kama mama anayemhamisha mtoto aliyelala. Alihesabu ghorofa. Ya tano. Ya tisa. Ya kumi na nne. "Mikono ya watu hii," alijisemea. "Mikono tu, kama hii yangu."

Na kivuli kilifika kama alivyosema. Kwanza kamba ya kwanza, kisha ya pili, na jengo lilipofikia kimo chake chote, ua ulikaa gizani asubuhi nzima. Sare zilianza kutoa harufu ya unyevu. Muuguzi mmoja, mtu mpole, alirudisha ya kwake. "Mama, si kwa ubaya, lakini mgonjwa ameniuliza kama nimenyeshewa." Mama Kamba aliomba radhi, akaingia ndani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jioni hiyo alizifungua kamba saba na kuzizungusha kiwiko hadi kiganja. Zilibaki nne.

"Nitaijaza ile fomu," alimwambia binti yake.

"Na wateja, mama?"

"Tutatafuta wengine. Tutaanza upya."

"Una miaka hamsini na mbili."

"Kwani miaka inafua?"

Mafundi wa vioo walikuwa wamekwisha kuanza kazi kutokea chini. Siku ya Jumanne, vioo vikiwa vimefika ghorofa ya ishirini, Mama Kamba alikuwa uani anakamua shuka. Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ambayo kwa miaka yote ua ule ulikuwa baridi na wa kijivu. Akaona mkono wake una kivuli.

Alisimama. Kivuli cha mkono kilikuwa kimelala upande wa ghala, upande wa magharibi, kama kivuli cha asubuhi. Akageuka polepole. Mashariki, mle katika jengo, kulikuwa na jua. Jua zima, linawaka, limekaa katikati ya vioo. Akageuka magharibi: nyuma ya ghala mng'ao wa jua la kweli ulikuwepo pia, mahali pake. Akasimama katikati ya majua mawili, maji yakimtiririka kwenye viwiko.

"Binti!" aliita, na sauti haikuwa yake. "Toka nje! Zima pasi utoke!"

Binti alitoka mbio akidhani kuna moto. Walisimama pamoja. Mwanga ulipita juu ya kamba nne, ukapanda ukuta wa ghala, na ule ukuta uliozoea kuwa mweusi kila alasiri ukawaka wekundu wa matofali. Hawakuwahi kuiona rangi hiyo saa ile.

"Mfano ulikuwa wa karatasi," alisema Mama Kamba hatimaye. "Karatasi hairudishi kitu. Mimi na mtoto wa watu aliyelichora, tuliomulika tochi, wote tulisahau kioo."

Habari zilisambaa. Kinyozi alikuja na taulo la mteja bado begani. "Shemeji, si ulituzimia taa ukumbi mzima ukasema jua limekufa?"

"Nilikosea."

"Useme kwa sauti, mzee wa viatu hasikii vizuri."

"Nilikosea!" alipaza, huku anafunga kamba ya tano. "Nusu nilipatia, nusu nilikosea. Wewe kuna kichwa umewahi kunyoa ukapatia nusu?"

"Ndivyo anavyofanya vyote," alijibu mzee wa viatu kutoka kibandani kwake.

Lakini usingizi ulimpaa Mama Kamba, na mchana alikuwa na chaki mkononi, anaweka alama ukutani. Mwanga ulikuja saa nane, ukaondoka karibu saa kumi na moja. Sare zilikauka nyeupe. Ila alama za Jumatano hazikulingana na za Jumanne, na za Alhamisi zilikuwa zimesogea tena, unene wa kidole. Alijua maana yake. Jua la kweli husafiri mwaka mzima kwenda na kurudi. Na hili la kuazima litasafiri. Je, likitoka uani, litarudi lini? Ijumaa ilikuwa kesho. Akiiachia fomu na mwanga ukamkimbia, atakuwa amekosa huku na kule.

Asubuhi ya Ijumaa alivaa gauni lake la harusi za watu, akatia fomu kwenye mkoba, akaenda mpaka kwenye geti la mabati na kumuuliza mlinzi kama yule aliyelichora jengo yupo. Alikuwepo. Alimkumbuka mara moja.

"Mama wa tochi! Nimesikia. Mafundi wangu wananiambia kuna mama hapo chini anaanika nguo alasiri."

"Nimekuja kuuliza, mwanangu. Mwanga huu ni wa mwaka mzima, au ni mgeni?"

Mwanamke yule hakujibu upesi, na hilo Mama Kamba alilipenda. "Tuliangalia kivuli tu. Hesabu ya mwanga nimeifanya usiku wa jana kwa sababu yako. Kwa mwaka mzima upo, isipokuwa wiki tano. Hizo wiki tano utaangukia nje ya ua wako. Hasa wapi, kwenye karatasi siwezi kukuonyesha vizuri." Akatazama saa. "Rudi saa nane na nusu. Utavaa kofia ngumu."

Lifti ilikuwa bado ya mafundi, imezungushiwa waya. Ilipoondoka chini Mama Kamba alishika mkono wa yule mwanamke kwa mikono yake miwili na kufumba macho. Alipofumbua walikuwa ghorofa ya ishirini na mbili. Alisogea kwenye kioo hatua moja, kisha nusu hatua, mpaka paji la uso likagusa.

Mji ulikuwa mmoja. Miaka yote aliufahamu vipande vipande: geti hili, duka lile, kona ya hospitali. Sasa ulikuwa kitu kizima kilicholala, na ulikuwa mkubwa, na ndani yake kila paa lilikuwa na mtu anayehangaika chini yake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akauona ua wake, mwembamba kama utepe, na ndani ya utepe nukta moja inatembea.

"Yule ni mwanangu," alinong'ona.

Na aliuona mwanga wenyewe. Kutoka chini alikuwa anauona umefika. Kutoka huku aliona unakokwenda. Ulikuwa umelala juu ya mapaa kama shuka lililotandikwa mshazari, pembe moja uani kwake, na yule mwanamke akamwonyesha kwa kidole jinsi utakavyosogea wiki kwa wiki: kushoto, kushoto tena, mpaka juu ya paa bapa la kibanda cha jirani. Kisha kurudi.

"Hizo wiki tano zitakuwa pale," alisema.

"Pale ni kwa mzee wa viatu." Mama Kamba alianza kucheka, huku anavuta kamasi. "Analilaumu jengo hili tangu likiwa picha. Kumbe limemwekea jua juu ya kichwa. Nitakwenda kumwomba paa, na atanitukana kwanza."

"Na fomu, mama?"

Mama Kamba aliitoa kwenye mkoba, akaikunjua, akaitazama, akampa. "Nipelekee wewe kwa yule bosi wa ukumbini. Mwambie eneo lile ampe mtu mwenye kazi ya jua la kutwa. Mimi la kwangu limepatikana."

Kisha akatoa simu, akapiga. Kule chini ile nukta ilisimama.

"Mama, uko wapi?"

"Niko juu. Sikiliza, acha pasi. Kamba ya tatu iko kivulini, isogeze kwa ghala hatua mbili. Hapana, huko si kwa ghala, huko ni chooni. Geuka. Haya. Moja. Nyingine. Simama hapo! Ifunge hapo hapo."

Nukta ilifunga kamba, ikainua uso kuelekea jengo, mkono juu ya macho.

"Mama, naona vioo tu vinawaka. Sikuoni."

"Mimi nakuona," alisema. "Sasa njoo kwenye ya nne."