Kopo la Mvua la Makole

Nilipokuwa kidato cha tano niliamini kwamba mvua ina upendeleo. Sikuwa peke yangu. Dodoma wote wanajua mambo haya: unatoka Makole umelowa chapachapa, unafika Kikuyu unakuta vumbi linatimka na watu wanakuuliza kama umeoga na nguo. Wengine hucheka wakaendelea na shughuli zao. Mimi jambo hili lilinikaa moyoni. Darasani nilikuwa mtu wa dirishani, nikilifuata wingu moja kwa macho mpaka lipotelee nyuma ya vilima vya mawe, na mara mbili nilitolewa nje nikalitazame vizuri.

Kwa hiyo mwalimu wa jiografia alipotuambia kila mmoja achague swali lake na alifanyie utafiti peke yake muhula mzima, sikuhitaji kufikiri. Je, mvua inanyesha sawasawa Kikuyu na Makole, au kuna mtaa inaoupenda zaidi? Mwalimu alicheka, kisha akaniambia nikapime. Kazi moja, ile bora, ingepelekwa kwenye maonesho ya wanafunzi wa mkoa. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota. Katika ndoto nilisimama mbele ya watu wengi nikieleza habari za mawingu, na mawingu yenyewe yalikuwa yameingia ukumbini kusikiliza.

Nilitafuta makopo mawili ya maziwa ya unga yanayofanana. Moja nililiweka nyumbani Kikuyu, juu ya tofali, mbali na mti na mbali na paa. La pili lilihitaji uwanja wa Makole, na huko nilikuwa na mtu mmoja tu: mama mmoja wa Kondoa aliyewahi kupanga nyumba moja na mama yangu kabla sijazaliwa. Nilimwita mama mkubwa. Hata baada ya sisi kuhamia Kikuyu, na mama kuanza kazi za kuondoka alfajiri kwenda Mtumba, urafiki wao uliendelea kuishi ndani ya bakuli moja la buluu. Lilikwenda na karanga, likarudi na mlenda wa kukausha. Lilikwenda na maandazi ya Krismasi, likarudi na tende. Mimi ndiye niliyelibeba tangu nikiwa darasa la pili, na sikumbuki hata siku moja kulibeba tupu.

Nilifika kwake na haraka zangu za mtu mwenye utafiti.

"Shikamoo mama mkubwa. Naomba niweke kopo langu hapa uani, nitakuwa napita kila siku kuliangalia."

"Marahaba mwanangu. Weka tu, kwani hapa si kwenu?"

Basi, hayo ndiyo maelezo yote niliyompa. Mwalimu nilikuwa nimemwandikia kurasa sita.

Kila siku kabla ya kwenda shule nilipima kopo la Kikuyu, na alasiri nikitoka shule nilipita Makole. Nilisimamisha rula ndani ya kopo, nikasoma milimita, nikamwaga, nikaandika. Nilizipenda sana alasiri zile. Jua lilikuwa jeupe, maduka yamesinzia, na mimi natembea katikati ya usingizi wa watu na daftari kwapani. Mama mkubwa alikuwa na desturi ya kunyunyiza maji kidogo uani ili vumbi litulie, kwa hiyo harufu ya udongo uliolowa ilinipokea getini, nikahisi nimevuka mpaka na kuingia nchi nyingine.

Na nchi ile ilinyesha! Siku ambazo kopo la Kikuyu lilikuwa na sisimizi tu, la Makole lilikuwa na maji. Milimita nne. Milimita tano. Tena nne. Nikimuuliza mama mkubwa kama imenyesha, anatabasamu: "Mungu anajalia, mwanangu." Mwanafunzi mwenzangu aliyeishi Makole aliniambia kwamba kwao jana halikudondoka hata tone. Nilimjibu kwa maringo kwamba hiyo ndiyo mada yangu yenyewe, mvua inachagua hata nyumba.

Ilipofika mwishoni mwa Februari nilikuwa na nadharia kamili. Mabati ya Makole yamebanana, yanapasha hewa joto, hewa inapanda, inaita mawingu. Nilichora mchoro wenye mishale mingi. Mwalimu aliutazama kwa muda mrefu.

"Hii data ikisimama," akasema, "maonesho ni yako."

Wiki hiyohiyo walimu walikuwa na kikao, tukaachiwa saa sita. Nilifika Makole mapema kuliko kawaida. Anga lilikuwa tupu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ilikuwa siku ya nne ya mgawo, mabomba hayatoi kitu. Geti lilikuwa wazi. Mama mkubwa alikuwa ameinama juu ya kopo langu, mkono mmoja ameshika jagi la plastiki, mwingine kikombe cha kahawa. Alijaza kikombe, akakimimina ndani ya kopo taratibu, asimwage nje.

"Unafanya nini?" Nilimuuliza kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

"Leo umewahi," akasema, wala hakushtuka. "Nilikuwa nakuwekea maji yako."

"Maji yangu?"

"Si kila siku unakuja, unachungulia, unapima na rula yako? Siku ile ya kwanza ulikuta kopo tupu, ukaondoka umeinamisha kichwa. Nikasema hapana. Mtoto wa rafiki yangu aweke chombo kwangu, halafu akikute kitupu?"

Nilikaa kizingitini nikalia. Miezi miwili ya utafiti wangu ilikuwa vikombe vya kahawa. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamweleza kopo lile lilikuwa linasubiri nini. Alisikiliza ameshika shavu.

"Kumbe nimekuharibia."

"Hapana, mama mkubwa," nikasema, na wote wawili tulijua kwamba ndiyo.

Nilirudi Kikuyu kwa miguu nikibishana na nafsi yangu. Hakuna aliyejua zaidi yetu, na nilijua nikimwomba anyamaze atanyamaza. Mchoro ulikuwa mzuri. Lakini ningesimama vipi mbele ya watu kuwaambia kwamba ni wingu lililofanya hivi, wakati ni mkono wa mtu ninayemjua, tena kwa maji ya mgawo? Kesho yake nilipiga mstari mwekundu kwenye safu yote ya Makole, mwalimu akiangalia. Kwenye maonesho alikwenda mwenzangu aliyechunguza majiko ya kuni. Iliniuma, sitajifanya haikuniuma.

"Muhula haujaisha," mwalimu akasema. "Anza upya."

Nikaanza upya, safari hii na mama mkubwa. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini aliishika rula upesi, na namba zake zilinyooka kuliko zangu. Kila alasiri alinipokea getini na uso wa msibani.

"Sifuri tena, mwanangu. Pole."

"Sifuri nayo ni jibu, mama mkubwa."

Hakukubali. Nilimwona jinsi alivyokuwa akilitazama jagi lake, akijizuia. Nadhani ilimgharimu zaidi yeye kuniacha niondoke na kopo tupu kuliko ilivyonigharimu mimi kukosa maonesho.

Kisha siku moja ya Machi, kutoka dirishani kwangu darasani, niliona upande wa Makole umeteremshiwa pazia la kijivu. Shuleni jua lilikuwa linawaka. Nyumbani Kikuyu, kama nilivyokuja kukuta jioni, kopo lilikuwa na sisimizi wake. Kengele ilipolia nilikimbia. Makole njia zilikuwa zinatiririka maji mekundu, na mama mkubwa alikuwa amesimama uani, kanga imemganda mwilini, hatua mbili kutoka kwenye kopo.

"Utaumwa, mama mkubwa!"

"Nilikuwa naangalia mtu asiliguse." Akanipa rula. "Ishirini na tatu. Soma mwenyewe. Sikutia mimi, mwanangu. Wallahi sikutia hata tone."

Nikasoma. Ishirini na tatu. Nikaandika, na macho yangu yalikuwa yamejaa kiasi kwamba namba ile imekaa upande kwenye daftari hadi leo. Ukishasoma unatakiwa umwage, kopo lisubiri siku nyingine. Nililiinua, nikatazama huku na huku. Jagi lake lilikuwa kizingitini, tupu. Nikayamimina humo taratibu, nisimwage nje.