Vikaratasi vya Hakimu

Shangazi zangu walikuwa wawili na kazi yao ilikuwa moja: kuhesabu mbavu za viumbe waliokufa kabla dunia haijamjua binadamu. Walikaa chumba cha mwisho cha makumbusho, wakichambua magamba ya kombe yaliyogeuka jiwe. Kama hujayaona, fikiria kipepeo cha kupepea makaa, chenye mistari iliyoinuka kutoka kwenye mpini hadi ukingoni. Mistari hiyo ndiyo mbavu. Penye mpini huchomoza vipande viwili, kila upande kimoja, navyo huitwa masikio. Ukijua mbavu ni ngapi na sikio lipi ni kubwa, umejua gamba ni la aina gani na liingie droo ipi.

Mkubwa tulimwita Hakimu, kwa kuwa hukumu yake haikuwa na rufaa. Mdogo tulimwita Kucha, maana alihesabu kwa kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ubavu mmoja mmoja, midomo ikimcheza. Kucha akishahesabu, aliandika idadi kwenye kikaratasi na kukikunja. Hakimu naye, mezani kwake karibu na dirisha, alifanya vivyo hivyo bila kuuliza. Kisha vilifunguliwa pamoja. Vikipatana, gamba liliingia daftarini. Visipopatana, Hakimu alisema, "Rudia, mdogo wangu, na safari hii fumbua macho." Miaka thelathini na moja hakumsamehe hata ubavu mmoja. Asubuhi ya harusi yake mwenyewe, Kucha alirudishiwa gamba.

Hakimu alipofariki, mkuu wa makumbusho, mtu mpole anayeogopa lawama, alimwita Kucha.

"Mama, kazi hii ilikuwa ya watu wawili. Kuna kreti imetoka machimboni wiki hii, ina magamba kumi na nane. Yachambue peke yako, kisha nitayahakiki. Ukikosea hata moja, itabidi upumzike."

Asichokijua mkuu ni kwamba Kucha alikuwa na mtoto wa jicho. Aliniambia mimi tu. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu niende zangu na methali zangu. Mume alishatangulia, watoto hakujaliwa. Nje ya chumba kile hakuwa na pa kwenda asubuhi, na hilo lilimtisha kuliko upofu.

Siku ya kwanza, kwa mazoea tu, kabla ya kutoka aliliacha gamba mezani kwa Hakimu pamoja na kikaratasi kitupu. Asubuhi alikikuta kimekunjwa. Ndani mliandikwa 22, zile mbili zenye mkia uliopinda, mwandiko wa Hakimu usio na shaka. Chake nacho kilisema 22.

Nikamuuliza nani mwingine ana ufunguo.

"Hakuna. Na usinitolee macho hivyo, mwanangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyo ni dada."

Tangu hapo kila gamba lilipata kikaratasi chake, na kila kikaratasi kilipatana na cha Kucha. Shangazi alianza kunenepa. Aliimba akiwa kazini. Mimi nilimpelekea chakula cha mchana nikaona jambo ambalo yeye alilichekea: kiti cha Hakimu kilikuwa kinahama. Jumatatu kilikuwa dirishani. Alhamisi kilikuwa katikati ya chumba. Wiki iliyofuata kilikuwa kimegusana na kiti cha Kucha, na mto uliokuwa juu yake umebonyea kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

"Alipokuwa hai hakutaka hata tugusane viwiko," alisema kwa furaha. "Sasa ananikumbuka."

Nilikula nimesimama.

Mkuu alikuja kuhakiki nikiwepo. Magamba sita yalipita. La saba alilihesabu, akalirudia, akalipeleka dirishani.

"Mama, hili lina mbavu ishirini. Umeandika kumi na tisa."

Kucha alilipokea. Alipitisha ukucha taratibu, na chini ya sikio dogo ukucha ukakwama kwenye ubavu mwembamba kama uzi. Ishirini. Nilijua chumba kimekwenda, nikajiandaa kumshika.

Lakini yeye hakumtazama mkuu. Alivuta boksi la vikaratasi, akatafuta cha gamba la saba, akakifungua. 19. Mwandiko ule ule wa Hakimu. Kikaratasi kikamwanguka.

"Dada angeniambia nirudie," alinong'ona. "Asingeniachia hata siku moja."

"Mama, tunaweza kuzungumza," mkuu alisema, akidhani anaombwa huruma. "Labda nusu siku..."

Kucha alikuwa amegeuka kukiangalia kile kiti kilichobanana na chake. Alivuta sketi yake isikiguse.

"Basi wiki mbili zote hizi," aliniuliza kwa sauti ndogo, "nilikuwa nimekaa na nani?"

Alimwambia mkuu kwamba kazi ameacha, asihangaike kuandika barua, na miwani yake iliyobaki mezani hataifuata. Tulipofika nje alinikamata mkono kwa nguvu, akalia njia nzima hadi nyumbani, kilio ambacho hata mazikoni hakukilia.