Pasta Aliyejitafsiria Mwenyewe

Pasta Anselme alihubiri kwa Kiswahili na kujitafsiria mwenyewe kwa Kiganda. Sentensi aliitoa akiwa upande wa kushoto wa meza, akahamia kulia akairudia kwa Kiganda, kisha akarudi kushoto. Mahubiri ya nusu saa yalikula saa nzima na ushee, na wageni walidhani wanaona watu wawili wakibishana ndani ya koti moja. Sisi tulishazoea.

Alikuwa na sababu yake. Mwaka wa kwanza wa kanisa alikuwa na mkalimani. Siku moja Anselme alisema kwamba Mungu ni mlinzi wetu, na yule mkalimani akawaambia Waganda kwamba Mungu ni askari wa getini. Watu walicheka mpaka ibada ikavunjika. Tangu siku hiyo hakumwachia mtu neno lake, na baada ya neno hakumwachia mtu hata kiti. Alifungua mlango mwenyewe, akapanga viti, akaanzisha nyimbo, akatoa matangazo, akatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Kanisa letu ni banda la mabati katika mtaa wa Namuwongo, karibu na reli. Nusu yetu ni Wakongo kama yeye, na nusu ni Waganda, Waacholi na wengine waliovutwa na nyimbo. Siku za wiki alitengeneza cherehani kwenye baraza moja mtaa wa Bugolobi, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anamwombea mtu huku anakaza skrubu.

Mara kwa mara alihubiri juu ya karama, kwamba Mungu humpa kila mtu kipaji chake kwa faida ya wote. Tuliitikia amina, tukaenda zetu nyumbani, yeye akabaki anafagia. Nisimwonee peke yake. Sisi nasi tulistarehe.

Mwaka jana sauti ilianza kumkwama. Alikunywa tangawizi na asali, akaendelea. Mwezi wa nne daktari alimmulika koo akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaamriwa majuma manane bila kusema neno, hata kunong'ona marufuku. Akijilazimisha, sauti inaweza kuondoka isirudi tena. Anselme aliamini kwamba Mungu alimwita kwa ajili ya kinywa chake, basi alikaa kwenye benchi la kliniki akalia. Mkewe Blandine ndiye aliyetusimulia, na Blandine si mtu wa kutia chumvi.

Blandine huyohuyo ndiye aliyesema wachaguliwe watu wanne wa kugawana kazi. Anselme alikubali kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Jumapili aliandika kwenye karatasi: "Jumamosi saa nne asubuhi: kura. Kila mtu aje." Akampa Nakimera, mama wa Kiganda anayeuza matoke na kukaa benchi la mbele, atangaze.

Nakimera ana sauti kubwa na ulimi wa kwao, na kwenye ulimi huo l na r hubadilishana nafasi bila kuomba ruhusa. Alisimama akasoma: "Jumamosi saa ine asubuhi, kula! Kila mtu aje!"

Kisha akalitoa tangazo kwa Kiganda, na kwa Kiganda neno la kura lilitoka bila kosa lolote. Lakini Wakongo hawakuwa wakisikiliza tena. Walikuwa wanapangiana nani atapika sombe, yale majani ya muhogo ya kwao.

Anselme, aliyekaa pembeni, aligonga meza kwa kiganja. Nakimera akadhani anaungwa mkono. "Pasta anasema kwerikweri, kula!"

"Amina!" likajibu banda zima.

Anselme alisimama, akafungua kinywa. Neno moja lingetosha. Blandine alimvuta koti kwa nyuma, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Guerschom, munganga alisema nini? Ikala chini."

Akakaa. Shati lilikuwa limelowa jasho kana kwamba amehubiri.

Jumatatu aliandika sahihisho kwenye daftari kwa herufi kubwa, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Adyero, mama wa Kiacholi anayeuza chai kando ya reli. Adyero alisoma, akacheka, akafuta mikono kwenye aproni.

"Pasta, watu nanunua samaki tayari. Wacha nakula. Hiyo kura tutafanya na tumbo imejaa. Wewe naenda pumzika."

Anselme alitaka kubisha, lakini kubisha kwa kalamu kunachukua muda. Alipomaliza kuandika sentensi yake, Adyero alikuwa anamimina chai ya mteja wa tatu. Alirudi nyumbani na daftari lake.

Jumamosi nusu ya kanisa ilikuja na masufuria ya sombe, bugali na samaki wadogo wa ndagala. Nusu nyingine ilikuja na majina kwenye vikaratasi. Makundi hayo mawili yalitazamana, halafu kwa mazoea watu wote wakamgeukia Pasta. Pasta alikuwa amesimama ukutani, mdomo umefungwa. Tulingoja. Hakukuwa na kitu cha kungoja, na taratibu tukaanza kulielewa hilo.

Mtu alipomweleza Nakimera kosa lake, alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka alisema, "Tunakula, alafu tunachagua," na viti vikaanza kuhama. Anselme alishika benchi. Mzee mmoja akampokonya kwa heshima zote, akampa sahani.

Kura tulipiga kwa mtindo wa mitaa ya hapa: unajipanga nyuma ya mtu unayemtaka, safari hii na sahani mkononi. Dady alipata nyimbo, Emérence mazishi, Adyero wagonjwa. Ilipofika zamu ya matangazo na ukalimani, mstari mrefu kuliko yote ulikuwa nyuma ya Nakimera. Anselme aliuhesabu kwa macho mara mbili.

Ilimuuma, na majuma yaliyofuata yalimuuma zaidi, kwa sababu mambo yalikwenda. Adyero alitembelea wagonjwa na chupa ya chai, akakaa muda mfupi kuliko Pasta, na wagonjwa wakampenda kwa hilo. Nyimbo zilianza kwa wakati. Kila habari njema aliyoletewa nyumbani ilimchoma, naye aliona aibu kuchomwa na habari njema. Alizoea kuomba kwa sauti, akimpangia Mungu ratiba ya wiki. Sasa aliomba kimya, maneno yakamwishia mapema, akabaki amepiga magoti mbele ya Mungu asiye na haraka.

Asubuhi moja alimwandikia Blandine: "Mungu aliniita kwa nini, kama kazi inaenda bila mimi?"

Blandine alisoma, akamrudishia daftari. "Kazi ni yake, haiko ya weye. Na leo umekunywa chai ya moto. Ni miaka ngapi sijakuona ukikunywa chai ya moto?"

Anselme aliliweka daftari chini. Alimalizia kikombe.

Juma la tisa daktari alimruhusu dakika kumi kwa siku, tena kwa upole. Jumapili hiyo banda lilijaa mpaka nje. Anselme alisimama upande wa kushoto wa meza. Hakuna aliyejua kama kitatoka kitu, na uso wake ulionyesha kwamba yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote.

"Asanteni," alisema, "kwa kunifanyia kazi yangu."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. Wanawake kadhaa walilia. Mguu wake ulishaanza kuhamia kulia alipomwona Nakimera amesimama pale. Akausimamisha.

"Mwebale okukola omulimu gwaffe," Nakimera akawaambia watu.

Anselme anakijua Kiganda vizuri. Yeye alisema kazi yangu, Nakimera amesema kazi yetu. Kama alikosea au alikusudia, mimi sijui, na sijamuuliza. Pasta alimtazama mdomo ukiwa wazi, na sauti ya kusahihisha sasa alikuwa nayo. Kisha akaurudisha mguu kushoto, akasema sentensi ya pili.