Arlette na Gari Lililoinama Kushoto

Arlette alikulia gereji. Baba yake alikuwa fundi magari Bukavu, na binti akitoka shule alimshikia spana mpaka waitwe kula. Huku Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka wa kumi na moja sasa, anatengeneza baiskeli za vijana wa kabaza, wanaobeba abiria. Hakuna anayemuuliza mwanamke amejifunzia wapi kazi hiyo. Wanauliza tu kama leo ana nafasi.

Alhamisi moja alipigiwa simu na Rodrigue, mtu wa Uvira anayekodisha magari ya harusi Lilongwe. Gari lake la fahari, lenye umri wa miaka kumi na minane, halikuwa na springi za chuma bali mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Kila asubuhi alilikuta limeinama mbele kushoto. Jumamosi lilitakiwa kumpeleka bibi harusi kanisani.

"Bafundi babili banasema ni kompresa," alilalamika. "Nimeshabadilisha. Bado inalala."

"Usiguse tena kitu, papa Rodrigue. Mi niko nakuja kesho."

Ijumaa asubuhi Arlette aliwasha gari, likanyanyuka taratibu mpaka likakaa sawa. Akazima. Akatoa futi ya kushonea, akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madgadi, akaandika vipimo kwa chaki kwenye matairi. Kisha akaomba chai.

"Mama Arlette, mariage ni kesho, na we unakunywa chai?"

"Niko nangojea gari iniambie."

Baada ya saa mbili magurudumu matatu yalikuwa na vipimo vilevile. Mbele kushoto palikuwa pameshuka vidole vinne.

"Kompresa ingekufa, gari ingekataa kupanda," alimweleza. "Hii inapanda muzuri. Njo kusema hewa inatoka, na inatoka fasi moja tu."

Waliliinua kwa jeki, wakaliegemeza kwenye vyuma imara. Arlette akaupaka mfuko wa kushoto maji ya sabuni. Hakuna povu. Akakata usukani, akapaka tena kwenye mikunjo ya mpira. Hakuna. Akaona haya, maana moyoni alikuwa ameshauhukumu mfuko ule. Rodrigue alishaanza kupekua simu akitafuta gari la kuazima.

Arlette akaanza upya. Safari hii aliufuata mrija wa hewa kwa kidole, kutoka kwenye mfuko hadi kwenye vali iliyojificha nyuma ya bampa. Akadondosha sabuni kwenye kiungio. Povu likatokota kama uji.

Alicheka peke yake chini ya gari mpaka Rodrigue akainama kuchungulia.

Ncha ya mrija ilikuwa imechubuka. Aliikata kiasi cha upana wa ukucha, akafunga kiungio kipya walichokinunua mjini, kisha akaenda kulala kwa dada mmoja wa kanisani. Asubuhi alipima tena: mbele kushoto hapakuwa pameshuka hata kidogo.

Hata hivyo Rodrigue alimsihi apande naye mbele kwenda kanisani, na kila walipopita shimo alimtupia jicho. Arlette, amevaa kitenge cha kuazima, alikuwa akifurahia kiti. Bibi harusi nyuma hakujua lolote. Aliimba njia nzima.

Tangu harusi ile Arlette ana pembe yake ya kufanyia kazi katika uwanja wa magari wa Rodrigue kila Ijumaa. Juma lililopita aliletewa magari mawili yaliyoinama, na kasoro ya moja aliipata kabla chai haijapoa.